Sinki la Mama Amina

Vijana wenzangu wa kazi, mwezi uliopita niliwaachia spana, na tangu hapo kila nikipita sokoni Garsen mnanisimamisha kuniuliza nitaandika lini yale niliyowaahidi. Haya, nimekaa, naandika. Msitarajie habari za tenda kubwa wala vyeti. Vyeti ninavyo viwili, na kimoja kimeliwa na mchwa. Nitawaandikia habari za masinki ya jikoni, kwa sababu katika miaka yote niliyofunga mabomba, kutoka Ndera mpaka Ozi, hiyo ndiyo kazi iliyonifundisha na ndiyo iliyoniumbua. Choo mtu hukipokea vyovyote ulivyokifunga, mradi kisivuje. Sinki la jikoni lina mwenyewe.

Sikuanza nikiwa mdogo. Nilikuwa nimeshaoa, nalima mpunga na ndizi kando ya mto kama baba yangu, hadi msimu mmoja mto ukahama njia yake na kupita katikati ya migomba yetu. Nikaja Garsen kubeba matofali penye ujenzi wa nyumba za wafanyakazi wa serikali. Pale palikuwa na fundi wa mabomba aitwaye Kazungu, Mgiriama mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata jua la saa saba, na hakuna aliyewahi kupata sababu ya kofia ile. Siku moja alinitazama nikipita na tofali, akasema, "Wewe, hebu nishikie bomba hili." Nikashika. Nililishika tangu asubuhi hadi adhuhuri, na neno aliloniambia lilikuwa ni "shikilia", mara tatu. Jioni akaniambia kesho nisirudi kwenye matofali.

Kesho yake ndiyo ninayoiita siku ya kwanza ya kazi. Tulikwenda kufunga sinki katika nyumba ya muuguzi mmoja. Mumewe alitufungulia mlango, akatuonyesha ukuta.

"Mama mwenye jiko yuko wapi?" Kazungu akauliza.

"Yuko kazini. Wewe funga tu, fundi. Masinki yote ni sawa."

"Masinki ni sawa, bwana. Kina mama ndio hawako sawa."

Akaketi juu ya sanduku lake la vifaa, akavuta ugoro, akangoja. Nami nikaketi. Tulingoja mpaka saa tisa alasiri, yule mume akipita na kurudi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Muuguzi alipofika, Kazungu akamwomba asimame karibu na ukuta, akunje mkono kana kwamba anasugua sufuria. Akachukua kipande cha mkaa, akapiga alama ukutani, upana wa kiganja kimoja chini ya kiwiko. Ukingo wa sinki ukae hapo. Ukipanda zaidi, mabega yatamuuma, ukishuka, mgongo. Mama wa watu atakuwa anaumwa kila siku na hatajua kwamba aliyemuumiza ni fundi.

Katika nyumba zetu huku, za Wapokomo na za Waorma, fundi hamkaribii mke wa mtu na mkaa mkononi. Kwa hiyo Kazungu akawa na adabu yake. Alimpa mama mkaa, akamweleza, kisha sisi tukatoka nje. Mama alisimama peke yake, akajipima, akaweka alama yake. Tukirudi tunakuta mstari ukutani, na jikoni hamna mtu. Nimefanya hivyo miaka yote. Ipo mistari niliyoikuta ambayo ilinieleza mengi: mmoja ulikuwa chini mno, nikadhani mama amekosea, kumbe alikuwa na kibiongo na hakutaka kunitajia.

Nyinyi mna mashine ya kuchomea mabomba ya plastiki, dakika moja mmemaliza, na simu bado iko sikioni. Sisi tulikata hesi, yale meno ya kukazia, kwenye bomba la chuma kwa mkono, tukazungushia nyuzi za katani na kupaka rangi, ndipo tukakaza. Kiganja changu cha kulia kina sugu ambayo mjukuu wangu huigonga kama mlango. Sisemi zamani ilikuwa bora. Mabomba yale yalishika kutu kwa maji yetu ya chumvi, na nusu ya kazi yangu ya baadaye ilikuwa ni kung'oa nilichofunga mwenyewe. Lakini naitamani ile harufu ya katani na rangi. Siku nyingine nafungua sanduku na kuinusa tu, kisha nafunga.

Mteremko wa bomba la maji machafu Kazungu hakuupima kwa pima maji. Alimwaga kikombe kimoja cha maji, akatembea kando ya bomba kwa mwendo wake wa kawaida. Maji yakimtangulia mno, mteremko umezidi, mafuta na makombo yatabaki nyuma. Yakichelewa, hautoshi. Maji na Kazungu wakifika pamoja nje, kazi imekubalika. Nilijaribu njia hiyo kwa miaka miwili na kila mara maji yalinishinda, mpaka nikagundua kwamba mimi hutembea polepole.

Kulikuwa pia na wakati wa masinki ya urembo. Watu walinunua sinki la stili kabla ya kupata maji, wakanialika nilifunge, mfereji juu yake unang'aa na nyuma yake hakuna kitu. Nyumba moja Tarasaa nilirudi baada ya mwaka kuunganisha tangi, nikakuta kuku amelalia mayai ndani ya sinki. Mwenye nyumba akaniomba ningoje wiki moja vifaranga watoke. Nikangoja. Unafikiri ningefanya nini?

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Mama Halima, mke wa mfugaji mmoja Muorma aliyehamia mjini na ng'ombe wake wachache. Nilimfungia sinki zuri, kwa mstari wake mwenyewe. Baada ya wiki likaziba. Nikafungua ule mpindo wa bomba chini ya sinki, ule unaobaki na maji ili harufu isipande, nikaukuta umejaa uji mweusi mzito. Nikasafisha. Wiki ya pili, vilevile. Wiki ya tatu nikamwuliza kwa upole anaosha vyombo kwa kitu gani.

"Na majivu," akajibu kutoka upande wa pili wa pazia. "Majivu na mchanga kidogo."

"Mama, sinki halipendi majivu. Tumia sabuni."

"Sabuni iko na harufu. Harufu naingia kwa sufuria ya maziwa, maziwa naharibika. Vibuyu mimi nafukiza na moshi, sufuria nasugua na majivu. Mama yangu alifanya hivyo. Fundi, wewe umeleta sinki ama umeleta mke mwingine anifundishe kazi?"

Mumewe alicheka huko nje hadi nikasikia. Nilirudi nyumbani na swali lile, na mke wangu Hawa ndiye aliyelitatua, akiwa anatwanga. Akasema, kama majivu lazima yapite, yaache yapite. Kesho yake niling'oa ule mpindo jikoni, nikapeleka bomba moja kwa moja nje, likamwagikia kwenye ndoo niliyoitoboa ubavuni na kuizika nusu. Majivu na mchanga vikatua chini, maji yakatoka kwenye tundu kwenda kwenye sukuma wiki zake, na mwisho wa bomba ukawa umezama ndani ya maji ya ndoo ili harufu isirudi. Kila Ijumaa aliinyanyua akaimwaga. Halijaziba tena. Watu walinisifu kwa ndoo ile mpaka Hola, nami sikumwambia hata mmoja kwamba ilikuwa akili ya Hawa. Naandika leo.

Hawa ndiye Mama Amina. Mtoto wetu ni mmoja tu, Amina, aliyeolewa Malindi. Kwa miaka yote hiyo, huku nikiwapimia wanawake wa delta nzima masinki yao, Hawa alioshea vyombo uani, amechuchumaa, karai moja la sabuni na moja la kusuuzia. Aliniambia mara moja au mbili. Nikamjibu kwamba nikimaliza kazi fulani nitamfungia lake. Mnajua jinsi nyumba ya fundi ilivyo. Mfereji wangu mwenyewe ulifungwa kwa mpira wa baiskeli miaka sita.

Kisha mafuriko yakaja, yale ambayo nyote mnayakumbuka. Nilikuwa Tarasaa nikimfungia sinki mwenye duka mmoja aliyekuwa akitarajia arusi nyumbani kwake. Barabara ikakatika. Nilikwama huko siku mbili, simu hazishiki, na niliporudi kwa mtumbwi nyumba yetu ya udongo ilikuwa imekaa chini kama ngamia. Hawa nilimkuta kwenye tuta la shule pamoja na majirani, ana mbuzi wawili na godoro moja. Aliniuliza kama nimekula.

Baada ya hapo goti lake likaanza kuvimba. Amina akamchukua Malindi kwa wiki mbili ili aonwe na daktari. Wiki mbili zile zikafika mwaka wa tatu. Daktari alimkataza kuchuchumaa, hilo ni kweli. Mimi nilijenga nyumba nyingine ya matofali mahali palipoinuka, karibu na barabara, vyumba viwili na jiko la ndani. Nilimwendea mara kwa mara, nikakaa sebuleni kwa mkwe kama mgeni, nikanyweshwa soda. Kila nikimwambia arudi alisema goti, au mjukuu, au mvua. Siku moja kwenye simu akasema, "Nikija huko nitaoshea wapi vyombo?"

Neno lile nililishika. Nikajiambia, kumbe ni hilo tu. Mtu mzima ninaishi peke yangu, nala ugali ulioungua upande mmoja, nalala upande wangu wa kitanda kana kwamba upande wa pili una mtu, na kumbe kinachotutenganisha ni kitu ninachoweza kukifunga kwa siku mbili. Nilimtamani Hawa, sitaki kuizungusha kauli. Niliitamani hata ile kelele yake ya kuita kuku. Nikaacha kazi, nikawakabidhi nyinyi vifaa, isipokuwa vichache, na sinki la mwisho la maisha yangu nikaanza kulifunga kwangu mwenyewe.

Nililifunga vizuri, hilo nitajisifu. Nilimwaga kaunta ya zege, nikaisugua mpaka ukitia kiganja kinateleza. Sinki la bakuli mbili, kwa sababu alizoea makarai mawili. Tangi juu ya jukwaa la miti nyuma ya jiko, bomba la nje lenye mteremko wa mwendo wangu mwenyewe wa polepole, silikoni ya kuzibia pembeni isiyo na tone lililozidi. Dirisha nililitoboa mbele ya sinki ili aone nani anapita barabarani, maana Hawa asipojua nani amepita hali chakula kikashuka. Na ukingo niliupima kwa kiwiko chake. Hakuwepo, lakini mimi mumewe nisijue kiwiko chake kinafika wapi? Nilisimama, nikakumbuka alivyokuwa akisimama ubavuni pangu, nikagusa mbavu zangu, nikaweka alama. Kiganja kimoja chini.

Alikuja Jumatano, kwa siku tatu. Alisema mapema kwamba Jumamosi lazima arudi na gari la saa nne, kwa sababu ana siku ya daktari. Nilimpeleka jikoni hata kabla hajavua viatu. Aliangalia dirisha, akaangalia mfereji, akaufungua na kuufunga. Kisha akasimama penye sinki na kutia mikono ndani. Viwiko vyake vikapanda juu, mabega yakafika masikioni, kama mtu anayechungulia kisimani.

Akacheka. "Baba Amina, sinki hili ni la nani?"

"Lako."

"Labda la yule uliyemwoa. Yule alikuwa mrefu."

Nilimtazama, na ndipo nikamwona. Hawa amepungua. Mgongo umeinama, goti limemshusha upande mmoja, na kilemba chake kinafika pale bega lake lilipokuwa likifika. Nilikuwa nimeenda kumwona Malindi mara zote zile na sikuwahi kumwona, kwa sababu tulikuwa tumeketi kwenye makochi. Niliona haya ya kazi kwanza, maana ndivyo nilivyo. Uchungu ulifuata baadaye kidogo, nikaenda nje kujifanya naangalia tangi.

Alasiri ile ile nilivunja. Kumvunjia zege mtu mwingine ni kazi. Kuvunja yako mwenyewe, uliyoisugua kwa wiki nzima, ni adhabu. Nilimpa mkaa, nikatoka nje kwa adabu ya Kazungu, na Hawa akanicheka kupitia dirishani, "Unakwenda wapi, wewe? Mimi ni mke wa nani?" Nikarudi. Nikasimama nikimwangalia anakunja mkono na kuchora. Alama yake ilikuwa shubiri nzima chini ya yangu. Alhamisi nikajenga nguzo fupi, nikairudisha kaunta, nikaunganisha upya. Ijumaa tuliiacha ikauke, naye akaosha vyombo kwenye ndoo juu ya meza.

Jumamosi asubuhi sinki lilikuwa tayari. Mkoba wake ulikuwa umefungwa, uko mlangoni. Vyombo vya chai vilikuwa ndani ya bakuli la kwanza pamoja na masufuria ya jana. Nikamwambia lile nililolifanyia mazoezi tangu Jumatano.

"Mama Amina, kwa daktari nitakupeleka mimi na kukurudisha. Usiende kukaa tena. Sinki liko."

Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akalisugua goti lake.

"Mimi sikuondoka kwa sababu ya sinki," akasema.

Nikasogea, nikaegemea sinki.

"Maji yaliingia Jumanne jioni. Nilitoa mbuzi, nikarudi kutoa godoro, nikarudi kutoa lile sanduku lako la akiba la vifaa, nikaanguka nalo. Goti ni hapo. Siku mbili watu kule kwenye tuta walikuwa wakiniuliza mume wako yuko wapi, nami nawaambia barabara imekatika." Akanitazama. "Ilikatika lini?"

Hapo juu nimewaandikia kwamba barabara ilikatika. Si uongo. Ilikatika Jumatano. Jumatatu habari zilifika Tarasaa kwamba mto umejaa huko juu, na dereva mmoja akanipigia honi akiniambia nipande, gari la mwisho hilo. Nilimwambia silikoni bado haijashika na mwenye duka ana arusi. Nimewaambia watu wote habari ya barabara, na Hawa nilimwambia mara nyingi kuliko wote.

"Jumatano," nikasema.

"Najua. Yule dereva ni mtoto wa shangazi yangu."

Alijua kwa miaka mitatu, na kila nilipokwenda Malindi aliningoja niseme, nami nikanywa soda. Nikamwambia gari lilikuwepo. Nikamwambia nililiona likiondoka, na nililala usiku ule nikijua. Nikamwambia nisamehe, neno ambalo sikumbuki kama niliwahi kumwambia kabla ya hapo, kwa sababu siku zote nilikuwa na kazi ya mtu ya kumalizia. Mikono yangu haikujua pa kwenda, nikaitia ndani ya sinki.

Hawa hakusema amenisamehe. Alivuta kiti karibu na dirisha na kunyoosha goti lake.

"Haya, osha," akasema. "Anza na vikombe. Nami nitakusimulia siku zile mbili, maana hujawahi kuniuliza."

Nikafungua mfereji. Sinki lile liko kwa kipimo chake, kwa hiyo mtu wa urefu wangu lazima apinde mgongo, na mgongo uliniuma tangu kikombe cha pili. Sikuunyoosha. Alianza na mbuzi, jinsi mmoja alivyokataa kuingia majini, na jina la kila jirani aliyempita, na alichobeba. Gari la saa nne lilipopita barabarani, Hawa alikuwa bado hajafika Jumatano, na mimi nilikuwa bado na masufuria.